Maombi ya Kukariri

Mpaka leo, mwenyekiti wa kikao anapovua miwani na kuzungusha macho mezani akitafuta mtu wa kutuongoza katika maombi, mimi huinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Wenzangu wamekwisha kuzoea, wananiacha hukohuko chini mpaka mwingine atajwe, kisha naibuka na uso wa mtu aliyetafuta kitu asikipate. Mimi ni mwanamke mzima, ninafundisha elimu ya udongo katika chuo kikuu cha kanisa la Kiprotestanti hapa Kalemie, na wanafunzi wananiogopa kweli. Lakini kidole cha maombi kinanipeleka chini ya meza.

Asiyefanya kazi mahali kama petu anadhani chuo cha dini ni chuo kama vingine, tofauti ni msalaba juu ya lango. Sivyo. Kwetu hakuna kinachofunguliwa bila maombi: somo, mtihani, kikao, sahani ya wali, safari ya kwenda Niemba kuchimba sampuli za udongo. Mashine mpya ya fotokopi iliombewa kabla ya kuchomekwa ukutani, na umeme wa bwawa la Bendera ulipokatika dakika hiyohiyo, tukaomba tena. Na maombi hayo hayasomwi popote. Yanatakiwa yatoke kifuani, papo hapo, kwa sauti, kila mara mapya. Unanyooshewa kidole, unasimama, unafumba macho, unaanza.

Wenzangu wanaweza. Mwalimu wa sheria anaomba kama wakili anayemtetea mtu asinyongwe. Fundi wetu wa maabara, mtu mpole ambaye hata kuku hamfukuzi, akishika maombi vioo vya madirisha vinalia. Mlinzi wa lango anaweza kuomba mpaka maharagwe yakaiva. Sisemi kwa kejeli. Nimewahi kufuta machozi nikimsikiliza mlinzi yule akimweleza Mungu habari za mguu wake, kama mtu anayemweleza jirani juu ya uzio. Ndiyo maana naona aibu zaidi. Ningekuwa nawadharau, ningelala usingizi mzuri.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya Kikatoliki, karibu na reli. Baba yangu alifanya kazi ya garimoshi maisha yake yote. Kwetu sala ni maneno yaliyokwisha kutengenezwa na watu waliotutangulia. Kazi yako ni kuyashika vizuri na kuyasema kwa wakati wake. Ninayo yote. Ya asubuhi, ya jioni, ya kabla ya kula, ya wasafiri, ya marehemu. Niamshe usingizini nitakusomea. Lakini niambie, “Omba tu kile kilicho moyoni mwako,” kichwa changu kinakuwa kama sufuria iliyooshwa. Nilipoomba kazi hapa waliniuliza kama ninaomba. Nilisema ndiyo, kila siku. Ilikuwa kweli kabisa, na hakuna aliyeniuliza ninaomba namna gani.

Juma langu la kwanza, kwenye kikao cha kitivo, mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Papa Doyen, alinitazama kwa ukarimu wote wa mtu anayemkaribisha mgeni.

“Mama mupya njo atatufungulia kikao mu maombi.”

Nilisimama. Mkono wangu ulipanda wenyewe kwenye paji la uso kuanza ishara ya msalaba. Nilikumbuka nilipo mkono ukiwa tayari huko juu. Kuushusha nisingeweza, kuuendeleza nisingeweza, basi nikaanza kujikuna kichwa. Nilijikuna kwa bidii, macho nimefumba, na watu wote wamefumba macho wakinisubiri. Nilisema, “Baba…” Halafu sikusema kitu. Kimya kikawa kirefu mpaka nikasikia mtu akimeza mate.

Ndipo sauti ya mwanamke ikaanza wimbo. Haikuwa sauti nzuri, ilikuwa nzito na ya chini, lakini ilijua inakokwenda. Watu wakaitikia. Wimbo ulipoisha yule mwanamke akaunganisha maombi yake mwenyewe, mafupi, akasema amina, tukakaa. Kila mtu alidhani mgeni alikuwa amezidiwa na Roho. Papa Doyen alinitazama kwa heshima mpya.

Baada ya kikao yule mwanamke alinifuata kwenye baraza. Alikuwa mama wa maktaba, mkubwa kwangu kwa umri, mnene, mwenye kitenge cha kijani na funguo nyingi kiunoni.

“Mama,” aliniambia kwa sauti ya huruma, “ile kichwa inakuwasha sana?”

Nilikosa pa kuweka macho. Yeye akacheka mpaka funguo zikalia, na mimi, bila kupenda, nikacheka pia. Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Tangu siku hiyo hatukuwahi kupatana juu ya jambo hilo, lilijiendesha lenyewe. Kidole kikinielekea, nasimama, nafumba macho, na kabla kimya hakijaanza kunuka yeye anaanza wimbo. Watu walisema sisi wawili tuna huduma ya pamoja. Alihudhuria vikao ambavyo havikumhusu. Aliacha chai yake ipoe. Wakati wa mitihani, alipojua ninasimamia chumba, alikuwa anapita mlangoni na vitabu mkononi kana kwamba anaelekea mahali, na wimbo uko tayari mdomoni.

Alijaribu pia kunifundisha. Tulikuwa tunakaa nyuma ya rafu za vitabu vya kilimo, ambako wanafunzi hawafiki mpaka kazi ya mwisho wa mwaka iwabane.

“Maombi ni kuongea na Baba yako, njo ile tu. Kwani wewe, baba yako ya kukuzaa, hukukuwa unaongea naye?”

“Nilikuwa namusalimia.”

“Halafu?”

“Halafu anaitika.”

Alinitazama kama mtu anayetazama mguu uliovunjika. Nilijaribu kumweleza. Baba aliporudi kutoka kazini, kila jioni tulimwambia maneno yaleyale: karibu Papa, habari ya kazi? Naye alijibu yaleyale: nzuri, na nyinyi je? Tuko salama, Papa. Basi. Siku tuliyomzika dada yangu, tulipotoka makaburini yeye alibaki nyuma kidogo, akaingia nyumbani baada yetu. Tulisimama, tukamwambia, karibu Papa. Akaanza kujibu, na sauti yake ikakatika katikati ya neno ambalo tulikuwa tumelisikia maisha yetu yote. Sikuhitaji aongeze lingine. Tangu hapo mimi naamini maneno yaliyozoeleka yana nafasi ya kutosha ndani yake.

Rafiki yangu akasema, “Sawa. Lakini hapa, Mama, watakuuliza tu.”

Na kweli hapa hawana subira na maneno yaliyozoeleka. Mchungaji wa chuo alihubiri asubuhi moja kwamba Mungu hapendi maombi ya kukariri, kwa sababu hata kasuku anakariri na hajaokoka. Ukumbi mzima ulicheka. Nilicheka kuliko wote. Nakumbuka bado sauti ya kicheko changu, na siipendi.

Mara moja nilijaribu ujanja. Nilishika maombi mazuri ya rafiki yangu aliyoyatoa kwenye ibada ya asubuhi, nikayakariri nyumbani mpaka yakanyooka, nikayatunza. Kidole kilipokuja, siku ya kufungua mwaka, nilisimama kwa mara ya kwanza bila woga. Yalinitoka kama maji. Nilimshukuru Mungu kwa pumzi, kwa ziwa, kwa mvua ya milima ya Marungu, nikamwomba amrudishe Papa Rekta salama kutoka Lubumbashi, ndege isipate shida hewani. Papa Rekta, mkuu wa chuo kizima, alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alikuwa amerudi zamani.

“Amina,” alisema yeye mwenyewe, taratibu. “Nimefika, Mama.”

Rafiki yangu alitoka nje ya ukumbi akijifunika mdomo na kitenge. Alicheka wiki nzima. Kila tulipokutana kwenye baraza alikuwa ananiuliza kama ndege imetua.

Halafu presha ikampata. Wanafunzi walimkuta maktabani ameketi sakafuni katikati ya vitabu vilivyorudishwa, mgongo kwenye rafu, amejaribu kuita na hakuna kilichotoka. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mkono umelala kama kitu cha mtu mwingine, mdomo umevutwa. Alikaa hospitali kwa muda, kisha wakamrudisha nyumbani kwake, upande wa bandari, ambako mume wake alifanya kazi ya kupakua mizigo. Daktari alisema mguu unaweza kurudi. Kuhusu sauti alisema tusubiri, na alisema kwa namna ile ya madaktari ambayo inamaanisha usiniulize tena.

Chuo chetu kina desturi nzuri. Mfanyakazi akiugua, Ijumaa baada ya kazi basi la chuo linajaa watu, tunakwenda kwake na sukari, sabuni na nyimbo, tunamzunguka kitandani, tunaomba. Hatukosi. Nimeona watu waliokuwa wamegombana asubuhi wakishikana mikono juu ya mgonjwa jioni. Basi tukaenda. Nilikuwa nimebeba paketi ya chai aliyoipenda, na moyo unanidunda kwa kumwonea huruma, si kwa jambo jingine. Nakiri hata sikukumbuka kidole.

Chumba kilikuwa kidogo, tulibanana. Mume wake alisimama karibu na kichwa cha kitanda, mwanamume mkimya mwenye mikono mikubwa. Dada wa mgonjwa, mwanamke wa kanisa la uamsho, alikuwa miguuni. Rafiki yangu alinitazama, na nusu ya uso wake ikafurahi. Watu waliomba mmoja baada ya mwingine. Walisema tunakataa kifo, tunakikataa katika nyumba hii, kifo rudi ulikotoka. Dada alikuwa anaitikia kwa kupiga mguu chini. Kisha Papa Doyen akaniona. Alifanya kwa upendo, na mpaka leo sijapata namna ya kumkasirikia.

“Tumalize,” alisema. “Rafiki yake ya roho njo atatufungia.”

Nilifumba macho. Sufuria ikawa tupu kama kawaida. Na bila kufikiri, kwa mazoea tu, nilifanya nilichokuwa nafanya siku zote: nilisubiri wimbo.

Nilisikia kitanda kikilia. Nikafumbua macho kidogo. Rafiki yangu alikuwa amejisukuma kwa mkono wake mzima, shingo imekaza mishipa, mdomo wazi. Alikuwa anataka kuimba. Alikuwa amelala pale na nusu ya mwili wake imekufa, na amesikia kimya changu, na anataka kuniokoa. Kilichotoka ni sauti moja ya kooni, haikuwa wimbo wala neno, na mate yakamshuka kidevuni.

Sikuweza kuvumilia. Nilitaka tu aache kujitesa, alale. Nilifungua mdomo na kutoa kile kilichokuwamo, na kilichokuwamo ni Salamu Maria. Niliisali haraka, kwa sauti, kama nilivyofundishwa nikiwa mtoto mwenye magoti machafu. Nilisikia chumba kikishangaa nilipomtaja Maria, lakini sala hiyo ukishaianza inakwenda yenyewe, haina mahali pa kushukia. Ilinipeleka mpaka mwisho. Mbele ya mgonjwa, mbele ya mume wake na dada yake, katika chumba ambamo watu walikuwa wametumia maneno yao yote kukikataa kifo, nilimwomba Mama wa Mungu atuombee, sasa na saa ya kufa kwetu.

“Tunakataa!” Dada yake alipiga kelele. “Ile neno inarudi kule imetoka! Hapa hakuna muntu wa kufa!”

Na chumba kizima kikalipuka. Waliomba wote pamoja, kwa nguvu, mikono juu, wakiyafuta maneno yangu. Mwalimu wa sheria aliyafuta. Mlinzi wa lango, rafiki yangu mzuri, aliyafuta. Walikuwa wananitoa kwa maombi katika nyumba hiyo huku nimesimama katikati yao na paketi ya chai mkononi. Sikumtazama aliyekuwa kitandani. Mume wake peke yake hakuomba. Alikuwa anamfuta mke wake kidevu.

Ndani ya basi nilipata kiti cha watu wawili nikakaa peke yangu. Hakuna aliyenisema vibaya. Wangenisema, ningejibu, nina mdomo mkali nikitaka. Kesho yake Papa Doyen aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba kila mtu ana malezi yake, yeye hana neno, na kwamba tangu sasa hatanitaja tena katika maombi ya hadhara, ili nisipate taabu. Nilimshukuru. Nilipotoka nje niligundua mabega yangu yamekuwa mepesi. Nilikuwa nafurahi. Rafiki yangu amelala hana sauti, watu wanaamini nimemtakia kifo, na mimi natembea barazani nafurahi kwa sababu sitaombeshwa tena. Furaha ile ndiyo ninayoionea haya kuliko ile sala.

Ijumaa iliyofuata sikupanda basi. Nilisema nina sampuli za kupima. Ijumaa nyingine nilisema kichwa kinaniuma. Halafu sikusema kitu na hakuna aliyeniuliza. Nilianza kupita njia ya juu nikienda sokoni, ya kuzunguka, yenye jua na vumbi, ili nisikaribie mtaa ule wa bandari. Nilijiambia namlinda. Dada yake akiniona itakuwa vurugu, presha itapanda, mgonjwa anahitaji utulivu. Nilizipanga sababu zangu vizuri sana, zote zilikuwa na akili, na zote zilikuwa uongo. Nilikuwa naogopa kusimama tena katika chumba kile, basi. Nilikuwa naogopa uso wake.

Maktaba walimpa kijana mmoja mwenye digrii, anayepanga vitabu kwa rangi ya majalada. Kwenye vikao nilianza kuinama kufunga viatu, ingawa Papa Doyen alikuwa ametimiza ahadi yake. Kuinama kukawa tabia.

Siku moja mume wake alikuja chuoni kurudisha funguo. Nilimwona kwa mbali, ameshika lile tita lililokuwa likilia kiunoni kwa mke wake, nikageuka ili niingie darasani. Aliniita.

“Mama, habari?”

“Nzuri, Papa. Mugonjwa anaendeleaje?”

“Iko. Mukono inaanza kupata nguvu kidogo. Sauti, hapana.” Alizungusha funguo vidoleni. “Ijumaa bisi ikifika anafurahi, anaangalia watu, mumoja mumoja. Wakiisha kuingia wote, anageuza uso kwa ukuta. Hata waimbe namna gani, haangalie tena. Mi sijui anatafutaka nani.”

Alinitazama usoni aliposema hivyo. Nadhani alijua. Nilisema nitakuja, Papa, kazi imenizidi. Aliitika, akaenda kutoa funguo. Na hata baada ya hapo sikwenda. Niliacha siku nyingine zikapita, nikifundisha wanafunzi jinsi udongo mwekundu unavyopoteza rutuba ukiachwa wazi kwa mvua, na nikiwa mkali kwao kuliko kawaida.

Nilikwenda asubuhi isiyo na heshima yoyote, katikati ya juma, bila basi, bila wimbo. Ziwa lilikuwa limechafuka, upepo unapeperusha mchanga, na masomo yalikuwa yamesimama kwa sababu ya mvua iliyoingia madarasani. Nilitoka nyumbani nikijiambia nakwenda kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Miguu ilinipitisha njia ya chini. Dada yake alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliniona, akasimamisha mchi. Nilisubiri anifukuze, na kwa kweli nilitamani anifukuze, ningerudi nyumbani na haki yangu.

“Ingia,” alisema. “Iko macho.” Akaendelea kutwanga.

Chumba kile, bila watu, kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokumbuka. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amekonda, nywele zake nyeupe zimesukwa vibaya na mtu asiyejua. Nilisimama mlangoni na maneno yangu yote ya msamaha, niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, yakaniacha. Hayo nayo yalitakiwa yatoke kifuani.

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, polepole, akaufikisha kwenye paji la uso. Na akaanza kujikuna kichwa.

Alijikuna kwa bidii, macho amefumba, kama mimi siku ile ya kwanza. Halafu akafumbua jicho moja kuona kama nimeelewa. Nusu ya mdomo wake ilikuwa inacheka.

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, kilio kibaya cha kamasi. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikamshika mkono ule. Nilitaka kumpa kitu na sikuwa nimeleta hata sukari. Nikafanya ishara ya msalaba, nzima, kutoka paji la uso mpaka bega la pili, bila kuificha. Maria sikuthubutu kumtaja tena. Nilianza ile ambayo hata kwao wanaijua, ingawa kwenye chuo chetu sikumbuki kuisikia ikisaliwa, kwa kuwa imekaririwa na kila mtu. Baba yetu uliye mbinguni. Niliisema polepole, kama tulivyokuwa tunasema karibu Papa. Jina lako litukuzwe.

Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani ni kutetemeka.

“Ufalme wako ufike,” nilisema.

“Uje,” alisema yeye.

Kanisani kwetu tunasema ufike. Kwao wanasema uje. Hakuwa ananifuata mimi. Lilikuwa neno lake, la kanisa lake, la utoto wake, na lilikuwa limetoka zima, kwa sauti ileile nzito ya chini. Alinikazia macho, naye ameshtuka kuliko mimi, akanibana vidole nisiache. Nikaendelea. Yeye akaendelea, kwa maneno ya kwao, tukigongana hapa na kupishana pale. Alipokwama nilimpa mwanzo wa mstari, naye akaushika, akaubeba mpaka mwisho. Watu wazuri walikuwa wamesimama juu ya kitanda hiki kila Ijumaa wakimwombea sauti irudi, kwa maneno mapya kila mara, maneno ambayo yeye hakuweza kuyaingia. Hakuna aliyekuwa amempa maneno ya zamani aingie ndani yake.

Nilipomaliza amina alivuta nguo yangu. Alitaka tena. Tukaanza tena. Mchi uani ulikuwa umenyamaza.

Niliona kivuli mlangoni, nikageuka. Mume wake alikuwa amerudi kutoka bandarini, mikono bado ina vumbi la simenti. Nyuma yake dada alikuwa ameshika majani ya sombe kifuani. Sijui walikuwa wamesimama hapo tangu lini. Mke wake alikuwa amefika kwenye mkate wetu wa kila siku, peke yake, bila mimi, akilisukuma kila neno kama mtu anayesukuma mlango. Machozi yalikuwa yanamtoka yule mwanamume na hakuyafuta.

Kisha akanitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alitaka tu kujua.

“Mama,” aliniuliza, “hizi siku yote, ulikuwa wapi?”